Yule Mnyoo Hakuwa Tegu

Mwaka jana, wakati wa mazoezi ya kufundisha, nilipangiwa shule moja kando ya Ziwa Victoria. Kidato cha nne walikuwa kwenye uainishaji wa wanyama. Nikaandika ubaoni faila ya minyoo bapa na ngeli zake. Somo nilikuwa nalo kichwani, maana desa lake nililikariri usiku mmoja kabla ya mtihani.

Siku ya pili binti mmoja akaja na sato kwenye gazeti. Mama yake anauza samaki. Chini ya ngozi kulikuwa na vivimbe vya njano, na ukitoboa, mnyoo anatoka.

"Mwalimu, huyu yupo ngeli gani?"

Darasa zima likanikodolea macho. Kusema sijui niliona aibu. "Huyo ni tegu," nikasema. "Ukimla, anakua tumboni."

Kesho yake binti akaniambia mama yake ametupa beseni zima.

Mnyoo mmoja nilikuwa nimemhifadhi kwenye spiriti. Nikamweka chini ya hadubini ya shule. Mwili hauna pingili. Vinyonyeo viwili, kimoja mdomoni, kingine tumboni, na utumbo unaonekana. Tegu hana mdomo wala utumbo. Huyu alikuwa trematoda.

Ndipo nikaanza kusoma kweli. Minyoo wa jenasi ya Clinostomum huanzia kwa konokono, wakahamia kwa samaki, kisha korongo akimla samaki, wanakomaa kinywani na kooni mwa ndege. Ndani ya samaki bado ni wachanga. Viungo vya uzazi, ambavyo wataalamu huvitumia kutenganisha spishi, havijakomaa. Ndiyo maana hata wao huhangaika. Clinostomum cutaneum alipewa jina mwaka 1964, lakini mnyoo wake mzima, kutoka kwa korongo wa kijivu wa Kenya, alielezewa kwa mara ya kwanza mwaka 2010. Miaka 46! Mimi nilijibu kwa sekunde mbili.

Jumatatu nikawaambia wanafunzi kwamba nilikosea. Hakuna aliyecheka. Binti akauliza, "Sasa ni spishi gani?" Nikasema sijui, na nikaeleza kwa nini mnyoo mchanga peke yake hatoshi. Kipindi kile maswali yalikuwa mengi kuliko siku zote.

Jioni nikaenda sokoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwalimu."

Nikamweleza yote. Akaacha kuparua magamba.

"Kwa hiyo ningewapika tu?"

"Ndiyo mama. Akiiva vizuri hana shida."

"Na beseni langu je?"

Boom lilikuwa halijaingia. Nikampa nusu, nusu nyingine nikamtumia kwa simu wiki mbili baadaye. Wenzangu mnaoenda kufundisha mwaka huu, "sijui, tutafute" ingenigharimu kidogo sana kuliko lile beseni.