Karatasi Mbili za Mjane Mmoja

Mwezi wa Shaaban uliopita, baada ya swala ya Alasiri, alikuja ofisini kwetu hapa Akheri mama mmoja aliyekwisha kumaliza eda. Ofisi ya kamati ya msikiti ni chumba kimoja nyuma ya mahali pa kutawadhia, na mimi, kwa kuwa ni katibu, ndiye mwenye ufunguo. Alishika bahasha ya kaki. "Ustadhi," akaniambia, "Mombasa nimepewa haki yangu. Hapa nyumbani naambiwa niusubiri ukoo."

Mumewe alikuwa Mmeru wa hapa hapa, aliyeuza vipuri vya magari Mombasa kwa zaidi ya miaka ishirini. Kule aliacha duka na akiba benki; huku aliacha shamba la kahawa na migomba alilolinunua kwa jasho lake. Warithi ni mke, wavulana wawili na binti mmoja. Wazazi wake walikwisha kutangulia mbele ya haki. Ndani ya bahasha mlikuwa na hukumu ya Mahakama ya Kadhi ya Kenya, yenye mhuri wa dola. Benki waliisoma, wakalipa.

Nikachukua kalamu nikapiga hesabu ya shamba kwa mujibu wa Surat An-Nisaa, aya ya 11 na ya 12. Mali inagawanywa mafungu 40: mjane hupata thumni, yaani mafungu 5, kila mvulana 14, binti 7. Ndugu wa marehemu hapati kitu, kwani watoto wa kiume wamemzuia. Nikagonga mhuri wa msikiti. Mama akaziweka karatasi zile mbili sambamba juu ya meza, akazitazama, kisha akaniuliza kwa upole: "Na hii yako, shemeji yangu ataitii?"

Chuoni tulisoma mifumo ya serikali: jamhuri, ufalme, shirikisho, nani humteua nani. Mtihani nilifaulu. Lakini tofauti ya serikali moja na nyingine sikuwahi kuiona waziwazi kama nilivyoiona siku ile mezani. Dini ni moja, marehemu ni mmoja, hesabu ni ile ile. Karatasi moja inaamuru, nyingine inanasihi.

Tofauti hii ina historia. Pwani ya Kenya, upana wa maili 10 kutoka baharini, ilihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, ikitawaliwa na Waingereza kwa mkataba wa 1895. Uhuru ulipokaribia, Oktoba 1963, mawaziri wakuu wawili, Jomo Kenyatta wa Kenya na Muhammad Shamte wa Zanzibar, walibadilishana barua, na miongoni mwa waliyokubaliana ni kubakia kwa makadhi. Ahadi hiyo ikaingia katika katiba, na hata katiba mpya ya 2010 imeihifadhi katika ibara ya 170: kadhi husikiliza mambo ya ndoa, talaka na mirathi, iwapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kwenda mbele yake.

Mwaka ule ule wa 1963, Bunge la Tanganyika lilipitisha Sheria ya Mahakama za Mahakimu, na mahakama za maliwali zikamezwa ndani ya mfumo mmoja. Sidhani nia ilikuwa mbaya. Mkoloni alikuwa amewapanga watu kwa rangi na kabila hata mbele ya hakimu, na taifa changa lilitaka mlango mmoja kwa wote. Zanzibar, ndani ya Muungano huu huu, ina makadhi wake, na sheria yao ilitungwa upya 2017. Uganda iliwataja makadhi katika ibara ya 129 ya katiba yake ya 1995, ikaliachia Bunge kazi ya kuwatungia sheria, na Waislamu wa huko wakasubiri miaka na miaka.

Nikiri pia kwamba si kila cha jirani nakitamani. Kadhi Mkuu wa Zanzibar huteuliwa na Rais, na anayeteua ana njia ya kutengua. Sheikh wetu hana mshahara wa serikali, wala hana wa kumwogopa anapopanda mimbari.

Huku Bara tumezoea kuishia kwenye lawama: ilani ya CCM ya 2005 iliyolitaja suala la kadhi, muswada ulioondolewa 2015. Lawama zina msingi wake. Hata hivyo Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1984 inairuhusu Mahakama ya Mwanzo kuamua mirathi kwa sharia ya Kiislamu, ikithibitika kwamba marehemu aliishi maisha ya Kiislamu na ndivyo alivyotaka.

Tukaenda. Shemeji yule ni mzee wa Kilutheri, mtu mwema, na nje ya mahakama nilimwamkia shikamoo kama kawaida. Ndani akasema kwamba ndugu yake alikuwa Mmeru kabla ya kuwa Mwislamu, na ardhi ya ukoo haiendi kwa mwanamke. Simshangai. Ardhi kwa Wameru ni jeraha: mwaka 1951 walifukuzwa Engare Nanyuki ili wapewe walowezi, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet akapeleka malalamiko yao Umoja wa Mataifa. Lakini shamba hili lilinunuliwa, halikurithiwa.

Hakimu akauliza kama yapo maandishi ya marehemu mwenyewe. Cheti cha ndoa kilikuwepo, na mashahidi wa swala zake tulikuwa wengi. Bati za msikiti alizichangia yeye. Maandishi hakuna, hata mstari mmoja. Hakimu akaniagiza nieleze kwa maandishi yale mafungu 40 yanatoka wapi, nami nikaandika kurasa mbili. Shauri bado liko mezani, hivyo sitaongeza neno.

Ijumaa iliyofuata nilitangaza kwamba anayetaka kuandika tamko aje ofisini: nusu ukurasa tu, kwamba mali yake igawanywe kwa sharia ya Kiislamu, majina ya warithi wake, na mashahidi wawili. Mpaka naandika haya wamekuja wanne. Wa tano ni mimi, ambaye miaka yote hii, na cheti changu cha chuo ukutani, nilikuwa sijaandika.