Kila Doa Lina Sababu Yake



Yapo maswali mawili ambayo tumeulizwa mara nyingi, na leo tunapenda kuyajibu yote kwa pamoja, kwa kuwa tunaona jibu la moja limefichika ndani ya jibu la jingine. La kwanza huulizwa na watoto: "Baba, kwa nini unakipaka rangi vizuri, halafu unakichafua?" La pili huulizwa na watu wazima, tena kwa sauti ya chini: inakuwaje padre atumie saa zake za mapumziko kutengeneza vifaru vya vita? Wote wanaouliza wameiona rafu iliyo sebuleni petu, ambako vifaru vidogo vya plastiki vimepangwa, vingine vikiwa na matope hadi magurudumuni.

Kwa wasioifahamu kazi hii, tueleze kwa ufupi. Viwanda vya Japani, Italia, China na kwingineko huuza maboksi yenye vipande vya plastiki, mara nyingi mamia kadhaa. Mnunuzi huvikata, huvisugua kwa msasa na kuviunga kwa gundi hadi apate kifaru kamili kilichopunguzwa mara 35. Kipimo hicho cha 1 kwa 35 hakikutokana na hesabu za wataalamu. Kampuni ya Tamiya ya mjini Shizuoka, Japani, ilipotengeneza kifaru chake cha kwanza cha plastiki mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilitaka ndani yake zienee mota na betri za kukiendesha. Ukubwa uliotosha betri ndio uliogeuka kuwa kipimo, na viwanda vingine vikafuata. Kwa kipimo hicho, kifaru cha Kijerumani cha Tiger I, ambacho kwa kweli kilikuwa na urefu wa mita 8.45 pamoja na mzinga wake, huwa na sentimita 24. Mtu wa kimo cha kawaida huwa na sentimita 5 tu. Mji huo wa Shizuoka wenyewe uliteketezwa kwa mabomu ya ndege za Marekani mwezi Juni 1945, na jambo hilo hutujia moyoni kila tunapofungua boksi lililotoka huko.

Sisi tuliijua kazi hii tulipokuwa masomoni Italia, na hadi leo alasiri ya Jumatatu, baada ya kufunga ofisi ya parokia, huwa tunaitoa kwake.

Kupaka rangi ndiyo sehemu nyepesi. Huanza rangi ya msingi, ili zinazofuata zishike. Kisha rangi ya mwili hupuliziwa kwa kifaa kidogo cha hewa, tabaka nyembamba juu ya nyembamba. Rangi hiyo hufanywa hafifu kidogo kuliko ile ya kweli, kwa sababu kitu kilicho mbali huonekana kimepauka, na kifaru cha sentimita 24 machoni petu ni sawa na kifaru halisi kilichosimama mbali nasi. Baada ya hapo hubandikwa namba na alama, na vanishi hupita juu ya vyote. Wakati huo kifaru ni safi, kama kilichotoka kiwandani asubuhi ile. Watoto hudhani kimekwisha, kumbe ndipo kazi yenyewe inapoanza, nayo tunaiita kuchakaza.

Rangi ya mafuta ya kahawia, iliyozimuliwa sana kwa tapentaini, hupitishwa juu ya mwili wote, ikajikusanye pembeni na kuzunguka bolti kama uchafu unavyojikusanya. Brashi iliyo karibu kavu, yenye rangi iliyopauka, hupitishwa juu ya kingo ili zionekane. Ufundi wa namna hii ulienezwa sana katika miaka ya 1970 na 1980 na watu kama Mmarekani Sheperd Paine na Mbelgiji François Verlinden. Baadaye mafundi wakagundua njia ya kubandua rangi: chini hupakwa rangi ya kutu, juu yake hupuliziwa dawa ya nywele ileile inayouzwa kwa wasusi, kisha hufuata rangi ya maji ya mwili wa kifaru. Ikikauka, huloweshwa na kusuguliwa kwa brashi ngumu. Dawa iliyo chini huyeyuka, na rangi ya juu hubanduka vipande vipande bila mpangilio, kama kwenye bati la zamani. Mwisho huja poda za rangi ya udongo, zinazofanya kazi ya vumbi na matope.

Lakini ufundi wa mikono si kitu bila kanuni moja: kila doa sharti liwe na sababu yake.

Anayeanza huipenda kutu, akaimwaga kila mahali. Hana budi kujiuliza ilitoka wapi. Vifaru vingi vya Vita Kuu ya Pili havikudumu vitani muda wa kutosha hata mabati yake mazito yaliwe na kutu. Kutu ilishika ekzosi, ambako joto liliunguza rangi, na ilishika minyororo. Ila mahali mnyororo ulipogusa ardhi, chuma kilisuguliwa kikang'aa. Sherman nyingi za Marekani zilikuwa na minyororo yenye vipande vya mpira, na mpira haushiki kutu wala haung'ai kama chuma. Ukikwaruza kifaru cha Kijerumani kidogo tu, hukuti chuma moja kwa moja, bali rangi nyekundu ya kuzuia kutu iliyopakwa chini. Vumbi la Tunisia si tope la Urusi wakati theluji inapoyeyuka, na anayevichanganya hivyo viwili amekipeleka kifaru mahali kisipopata kufika.

Tena yapo madoa mengine. Kando ya mfuniko wa juu rangi imelika, kwa kuwa ndipo buti lilipokanyaga kila mtu alipoingia na kutoka. Karibu na tundu la mafuta kuna michirizi myeusi, kwa kuwa kuna mtu aliyemimina dumu kwa haraka, labda gizani, mikono ikitetemeka. Hapo ndipo tunapowajibu watoto. Ukiuliza sababu ya kila doa bila kuchoka, mwishowe unafika kwa mtu. Kifaru kisafi husifu chuma na mzinga. Kilichochakaa kwa haki hukiri kwamba ndani yake walikaa watu wanne au watano, wakapata joto, njaa na hofu, na wengi wao hawakutoka.

Somo hili tulithibitishiwa na mzee mmoja wa parokia yetu, askari mstaafu aliyekwenda vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979. Alifika kwetu kupanga misa ya kumwombea marehemu mkewe. Alipoketi, macho yake yakatua kwenye Sherman ya rafuni, akaitambua mara moja, kwa kuwa jeshi la Idi Amin lilikuwa na Sherman chache za zamani. Akaomba kuishika. Akaigeuza polepole, akaitazama nyuma kwa muda mrefu, wala mzinga hakuugusa.

"Baba," akasema, "sufuria iko wapi?"

Tukamwuliza, "Sufuria gani, Mzee?"

Akatueleza kwamba baada ya kupita Mutukula walikuta kando ya barabara kifaru kilichoungua. Rangi yote ilikuwa imetoka, kimekuwa chekundu mwili mzima, rangi moja na udongo wa pale. Nyuma yake, chini, palikuwa na sufuria, na ndani yake maharage ambayo hayajaliwa. "Namba ya kile kifaru nimeisahau, Baba. Sufuria sijaisahau. Nilijiambia, hawa nao walikuwa wanasubiri chakula."

Wanaoijua kazi hii watatambua kwamba mzee alisema kweli hata katika habari ya rangi. Kifaru kilichoungua ndicho chenye haki ya kuwa na kutu mwili mzima, kwa kuwa moto huondoa rangi, na chuma kilichobaki wazi hushika kutu ndani ya siku chache. Juma lile tulifinyanga sufuria yenye upana wa milimita 7, tukaitia masizi chini, tukaifunga nyuma ya Sherman kwa uzi. Mzee alipokuja tena aliitazama, akatikisa kichwa kukubali, akaendelea na habari iliyomleta.

Hata hivyo, swali la watu wazima halijakwisha, wala hatupendi kulimaliza kwa urahisi. Kitu kilichotengenezwa kwa uangalifu hupendeza, na kinachopendeza huweza kutusahaulisha kazi yake. Tazameni jambo hili: Sherman zilitengenezwa takriban 49,000, na Tiger I takriban 1,350 tu, lakini kwenye rafu za wapenzi wa kazi hii Tiger ni kama haihesabiki. Hupendwa kwa sababu inatisha. Si kila anayeipenda hukumbuka ilimtumikia nani.

Katika kijiji cha Oradour-sur-Glane, Ufaransa, tarehe 10 Juni 1944, askari wa divisheni ya vifaru ya SS iliyoitwa Das Reich waliwaua watu 643. Wanaume walipigwa risasi mabandani, wanawake na watoto wakateketezwa ndani ya kanisa. Baada ya vita iliamuliwa kwamba magofu yaachwe kama yalivyo, na hadi leo yamo magari yaliyoungua na vyerehani, vyote vikiliwa na kutu, na wenye kuyahifadhi wanahangaika yasiporomoke kwa mvua na miaka. Hiyo ndiyo kutu ya kweli, isiyotoka koponi. Na alama za divisheni hiyohiyo huuzwa katika maboksi ya vifaru vya plastiki, zikabandikwa na watu wema wasiomtakia mtu mabaya, kwa kuwa tu zinakaa vizuri juu ya rangi ya manjano iliyokolea.

Kwa hiyo tumejiwekea utaratibu. Kabla ya kubandika alama yoyote tunasoma kwanza walioibeba walifanya nini, wapi na lini. Habari hiyo sharti tuweze kuisimulia kwa kila anayekishika kifaru, hata mtoto wa Utoto Mtakatifu aliyekuja kutafuta ufunguo wa ukumbi. Alama za Das Reich zimebaki ndani ya bahasha. Hatusemi kwamba anayezibandika ametenda dhambi. Tunasema kwamba anayejali doa la mafuta lilitoka wapi hawezi kutojali alama ilitoka wapi.

Pia yupo mama mmoja aliyekimbia vita katika nchi yake akiwa na watoto wawili, ambaye hawezi kuitazama rafu yetu. Anapokuja tunaifunika kwa kitambaa cha meza kabla hajaingia. Hatujapata kumweleza lolote kuhusu kanuni za kuchakaza wala habari ya sufuria, na hatutamweleza. Yeye anayajua madoa hayo na sababu zake kuliko sisi, wala hakujifunza kwa brashi. Kama siku moja ataomba rafu iondolewe kabisa, itaondolewa, kwa maana kazi ya alasiri ya Jumatatu haiwezi kuwa na haki kubwa kuliko usingizi wake.

Wanaotutembelea wataona kwamba Tiger tuliyo nayo ni moja tu. Ni ile yenye namba 131, iliyotekwa Tunisia mwezi Aprili 1943, na ambayo leo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la vifaru huko Bovington, Uingereza. Risasi ya kifaru cha Waingereza iligonga mzinga wake kwa chini, ikateleza hadi mahali mnara unapozungukia, mnara ukakwama usiweze kugeuka. Nyingine mbili zikaugonga mnara huo. Waliokuwa ndani wakatoka pamoja na majeruhi wao, wakakiacha kifaru kingali kizima, wakaenda zao.

Hiyo tumeipaka vumbi lililopauka la nchi ile. Tumechimba alama za risasi kwa ncha ya sindano, tukaacha mifuniko yote wazi, na hatukuweka mtu hata mmoja. Kila anayeishika huchungulia ndani ya mifuniko na kuuliza wenyewe wako wapi. Nasi huwajibu kwamba walishuka, kifaru kikanyamaza, na tangu siku ile hakijamwua mtu mwingine.