Kuuaga Mji wa London

Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Lakini hawakusema atendewe nini mgeni aliyekaa miaka 15, ambaye jembe amekwisha kulizoea, kisha siku ya kufunga mizigo ikawadia. Mgeni wa namna hiyo alikuwa Mzee Jomo Kenyatta, ambaye mwezi wa Septemba 1946 alipanda meli katika bandari ya Southampton, Uingereza, ili arudi kwao Kenya.

Alifika London mara ya kwanza mwaka 1929, ametumwa na chama cha Kikuyu Central Association kupeleka malalamiko ya ardhi. Alirudi nyumbani mwaka 1930, akaenda tena mwaka 1931. Na mara hiyo ya pili ndipo alipokawia.

Tangu mwaka 1933 hata 1937 alikaa katika nyumba nambari 95, Cambridge Street, mtaa wa Pimlico. Mtaa huo uko baina ya stesheni kubwa ya Victoria na mto Thames. Nyumba zake ni ndefu, zimeungana ukuta kwa ukuta kama askari waliopanga mstari. Siku zile watu wa London waliota moto wa makaa ya mawe, na wakati wa baridi moshi ulichanganyika na ukungu hata mchana ukafanana na magharibi. Kwa mtu aliyekulia katika vilima vya Kiambu, hilo halikuwa jambo dogo.

Fedha nazo zilikuwa haba, na kodi ya chumba ilichelewa mara nyingi. Alipata riziki kwa kuwasaidia wataalamu wa University College waliochunguza matamshi ya Kikikuyu. Hata katika sinema ya Sanders of the River, iliyotoka mwaka 1935, alionekana miongoni mwa waigizaji wadogo. Hata hivyo mji ule ulimpa elimu. Alisoma London School of Economics chini ya Profesa Malinowski, na mwaka 1938 kikachapishwa kitabu chake, Facing Mount Kenya. Kitabu hicho chote chaeleza mambo ya nyumbani, nacho kiliandikwa ugenini.

Vita vilipoanza mwaka 1939 aliondoka London akaenda Storrington, kijiji cha Sussex. Huko mgeni alipewa jembe kwelikweli, maana alifanya kazi ya shamba. Mwezi wa Mei 1942 alimwoa Bibi Edna Clarke, mwalimu, ambaye wazazi wake walikuwa wameuawa kwa mabomu ya ndege mwaka uliotangulia. Mwezi wa Agosti 1944 wakajaliwa mtoto wa kiume, Peter Magana.

Basi ilipofika siku ya kuaga, hakuuaga mji peke yake. Bibi Edna na mtoto, ambaye umri wake ulikuwa miaka 2 tu, walibaki Uingereza. Kenya ya siku zile ilikuwa imegawanywa kwa rangi za watu, na nyumba ya namna ile ingepata taabu kupata mahali pa kusimama.

Mwisho wa mwezi ule ule meli ilitia nanga Mombasa. Binti yake Margaret, aliyezaliwa mwaka 1928, alikuwa mtoto mdogo baba yake alipoondoka mara ya pili. Sasa alikuwa msichana wa miaka 18. Hivyo baba huyu alimkuta mtoto mmoja ambaye hakumwona akikua, naye nyuma yake amemwacha mwingine.

Bibi Edna alifika Nairobi mwezi wa Desemba 1963, akaiona Kenya ikipata uhuru wake. Na mwaka 2005 kibao cha buluu kilibandikwa katika ukuta wa nyumba ile ya Cambridge Street, kuwajulisha wapitao ni nani aliyekaa humo.

Siku hizi safari ya London ni ya usiku mmoja kwa ndege, na vijana wetu wengi huenda huko kusoma na kufanya kazi. Wengi huondoka wakisema, "Nitakaa kidogo tu." Yafaa wakumbuke kwamba miaka ya ugenini haiwangoji walio nyumbani, na kwamba mji wa kigeni, ukikaliwa sana, nao hupata watu wa kuagwa.