Nani Aliandika Swali?

Kibarua kinachonilipia nyumba ni kunakili sauti. Mtu ananitumia rekodi ya mkutano, mimi naandika neno kwa neno. Nalipwa kwa dakika za rekodi, si kwa dakika za jasho. Mwaka jana zikaanza kuja rekodi za wakulima wa Marekani wakijadili pesa za utafiti wa zabibu na stroberi. Nilidhani nitasinzia. Badala yake nilijipata nikirudisha rekodi nyuma, na si kwa sababu kuna neno lilinipita. Nilitaka tu kusikia tena.

Nilisoma chuo miaka miwili kabla ya karo kunishinda, na nikatoka huko nikiamini ruzuku ya utafiti ni siri ya maprofesa. Unaandika pendekezo refu, unangoja, jibu linashuka kutoka mahali usipopajua. Kumbe kuna njia nyingine.

Chukua zabibu za mvinyo za California. Kuna ugonjwa wa Pierce, unaoletwa na bakteria anayeziba mishipa ya maji ya mzabibu mpaka unakauka umesimama. Mwishoni mwa miaka ya tisini, mdudu mgeni anayefyonza maji ya mimea aliusambaza, na mashamba ya Temecula yakaumia vibaya. Mwaka 2001 bodi ikaundwa. Mkulima wa zabibu za mvinyo hukatwa kiasi kisichozidi dola 3 kwa kila dola 1,000 za mavuno. Watafiti wanaleta mapendekezo, wanasayansi wanayapima, halafu bodi, ambayo wakulima wenyewe wamo, inasema ni kipi kipewe pesa. Na kila baada ya miaka 5 wakulima wanapiga kura kama makato yaendelee. Ukiona unaliwa, unasema hapana.

Pesa hizo zina subira pia. Zilichangia kazi ya Andrew Walker wa chuo kikuu cha UC Davis, aliyetumia karibu miaka 20 kuchanganya zabibu za mvinyo na zabibu mwitu. Mwaka 2019 zikatangazwa aina 5 zinazohimili ugonjwa huo.

Serikali ya kitaifa ya Marekani nayo ina mfuko wa utafiti wa matunda na mboga, uliotokana na sheria ya kilimo ya 2008. Sheria ya 2014 ikaongeza kitu: kabla ya wanasayansi kupima mradi, watu wa sekta yenyewe wanausoma na kujiuliza, hii shida ni yetu kweli? Ukianguka hapo, hata uwe na digrii tatu, unarudi nyumbani.

Hapo ndipo nilimfikiria shosho. Ana kahawa kule Murang'a, aina ya Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985 kuhimili ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa. Kwa miaka mingi utafiti wa kahawa Kenya uliendeshwa kwa makato ya wakulima. Yaani miti iliyomsomesha mamangu ilitokana na senti za watu kama yeye.

Nilipomwambia alicheka. "Ai, kumbe nimekuwa nikilipa daktari wa kahawa?" Makato alikuwa akiyaona kwenye karatasi ya malipo, lakini hakuna aliyewahi kumweleza ni ya nini.

"Shosho, wangekuuliza wachunguze nini, ungesema nini?"

Hakufikiri hata kidogo. "Ningeuliza, mbona mti umepona na bei haijapona?"

Hilo ni swali la utafiti. Lina uzito kuliko mengi niliyosoma chuoni, na limekaa jikoni kwake miaka yote bila mtu kuja kulichukua.

Sitaki kuipamba California. Katika rekodi zote nilizonakili nilisikia wenye mashamba na maprofesa. Mchuma zabibu sikumsikia hata mmoja. Anayechanga ndiye anayeuliza, na asiye na shamba hana kiti. Lakini angalau meza inaonekana, kwa hivyo unaweza kuhesabu nani hayupo.

Siku hizi nikisikia ruzuku imetolewa kwa ajili ya wakulima wetu, sianzi na ni milioni ngapi. Nauliza ni nani aliandika swali, na kama shosho angelitambua.