Mizani ya Pamba na Sketi ya Mwavuli

Mama yangu alijifunza kusoma kwa sababu ya mizani. Tulikuwa tukilima pamba Ukerewe, na kila msimu, baada ya kuchambua pamba safi upande huu na fifi upande ule, tulifunga mafurushi tukayabeba vichwani hadi kwenye ghala la kununulia. Karani alitundika furushi, akatazama mshale, akataja kilo, akaandika. Mama naye aliutazama mshale uleule, lakini kwake ulikuwa bubu. Siku moja mwaka 1970 karani alitaja kilo chache mno, na watu wote tuliokuwa pale, hata sisi watoto tuliosaidia kubeba, tulijua uzito ule si wa furushi lile. Mama hakubisha. Angebishaje? Alipokea pesa, akaifunga kwenye pindo la khanga, tukarudi nyumbani kimya. Njia nzima nilikuwa nyuma yake, nikitazama visigino vyake tu.

Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere alikuwa ameutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Sensa ya 1967 ilikuwa imeonyesha kwamba takriban watu wazima 67 kati ya kila 100 hawakujua kusoma wala kuandika. Zikachaguliwa wilaya sita za kuanzia, nazo zikatakiwa ziwe zimefuta ujinga huo ifikapo mwisho wa 1971: Mafia, Kisarawe, Masasi, Pare, Kilimanjaro na kwetu Ukerewe. Ndivyo darasa la ngumbaru lilivyofika kijijini, ubao ukaegemezwa kwenye shina la mwembe na akina mama wakaketi kwenye majamvi waliyokuja nayo wenyewe.

Mwalimu wao alikuwa kijana wa jirani aliyemaliza darasa la saba. Mama alikuwa amempakata utotoni, amemwogesha, na pengine amemchapa. Lakini saa kumi jioni ikifika alimwita "Mwalimu" bila kusitasita, na kijana naye alipomwelekeza alitanguliza "Shikamoo, mama" kabla ya kumsahihisha. Nilikuwa na miaka tisa, na nilipenda sana kuwatazama.

Herufi zilimsumbua. Namba alizishika haraka, maana namba ndizo zilizompeleka pale. Nyuma ya mlango wa jiko aliziandika kwa mkaa, moja hadi tisa, na ugali ukiwa motoni aligeuka kuzitazama. Nane ilimtesa zaidi. Alikuwa anachora shanga mbili, moja juu ya nyingine, halafu anafuta kwa kiganja na kuanza upya. Mpaka leo nikikumbuka mlango ule naona mikwaruzo ya zile nane, nyingine zimelala, nyingine zimenyooka.

Msimu wa 1971 tukarudi ghalani. Karani alitundika furushi. Kabla hajafungua mdomo, Mama akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Thelathini na nne." Karani alimtazama, akautazama mshale, akaandika 34.

Niliyafahamu vibaya maisha yake kwa miaka mingi baada ya pale. Niliamini Mama alizaliwa na moto wa kujiendeleza, moto ambao mimi nilinyimwa. Nilimaliza darasa la saba mwaka 1976, nafasi za sekondari zikiwa chache, na jina langu halikutoka. Nikaja Mwanza kwa shangazi, nikajifunza ushonaji, nikaolewa, nikapata cherehani yangu ya kukanyaga na kibaraza cha kushonea Kirumba. Kila Januari nilinunua madaftari. Mara moja, mwaka 1994, nilijiandikisha masomo ya jioni, nikahudhuria wiki tatu, nikaacha. Nilijiambia hamu haijaja, nikakaa kuisubiri kama mtu anavyosubiri meli ya Nansio bandarini, kwamba itakapopiga honi nitapanda. Wakati huo Mama, kule kijijini, alikuwa ameshafanya mtihani wa taifa wa ngumbaru wa Agosti 1975 na anasoma gazeti la Elimu Haina Mwisho, lililotolewa kwa ajili ya watu wa kanda ya ziwa waliotoka kujua kusoma. Nikamwona kama mtu wa jinsi nyingine kabisa.

Mwaka 2010 akaja binti anayetaka sketi ya mwavuli, ile ya duara zima, kwa ajili ya harusi ya dada yake. Kiuno chake kilikuwa inchi 28. Nilikata kama nilivyofundishwa na kama nilivyowafundisha wengine: gawa kiuno kwa sita, jibu ndilo umbali wa kupima kutoka kwenye pembe ya kitambaa kilichokunjwa mara nne. Sketi ikapwaya. Sketi zangu zote za mwavuli zilipwaya, na siku zote nilipunguza pembeni nikasema ndivyo kitambaa kilivyo. Binti aliponyanyua mikono, sketi ikashuka hadi kwenye nyonga. Nikaona haya kwa ajili yake.

Kijana wa sekondari aliyepanga chumba cha jirani alikuwa akisubiri suruali yake. Akasema, "Mama, samahani, hapo usigawe kwa sita. Tumia pai." Akachukua chaki yangu, akaandika kwenye kipande cha kitambaa kilichobaki: ishirini na mbili chini yake saba. Akanionyesha kwamba 28 uizidishe kwa 7, uigawe kwa 44, unapata inchi nne na nusu kasoro kidogo. Mimi nilikuwa nimepima karibu nne na robo tatu. Kwenye tepu tofauti haifiki hata robo inchi, lakini ukiizungusha kiunoni inazidi inchi nzima. Nikakata upya. Sketi ikakaa.

Usiku sikulala mapema. Miaka ishirini na zaidi nilikuwa nikipunguza pembeni! Na yule kijana aliponiandikia herufi za kanuni yenyewe, niliziona kama Mama alivyouona mshale. Hapo ndipo nilipomwelewa. Alikuwa na swali moja lililomuuma, la kilo, akaenda kulitafutia jibu, na hamu ikamkuta akiwa tayari ameketi kwenye jamvi.

Januari 2011 nikajiandikisha QT, mtihani wa sisi ambao hatukupitia sekondari. Darasani nilikuwa mkubwa kuliko wote, mwalimu akiwa na umri wa mwanangu wa pili. Sikupanga ratiba yoyote kubwa. Nilibandika kanuni moja ukutani juu ya cherehani, na ikishaniingia naibandua nabandika nyingine. Miguu inakanyaga, macho yanapanda na kushuka. QT nikafaulu mwaka uleule, kidato cha nne nikakifanya 2013 kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni Juni 2011, Mama alipovuka ziwa kuja kutibiwa macho. Alikuwa na miaka sabini na kitu. Aliiona karatasi ukutani akauliza ni nini. Nikachukua mfuniko wa sufuria, nikampa tepu. Alipima upana: inchi 7. Akaizungusha tepu ukingoni, akaisogeza karibu na jicho lililo zima: 22. Akanyamaza. Akaagiza sinia. Upana 14, kuzunguka 44. Akaagiza beseni, akaagiza kikombe, mjukuu wake akawa anakimbia jikoni kuleta vyombo, na mimi napiga hesabu kwenye daftari, na kila chombo kikatoa jibu lilelile.

Mama aliiweka tepu mapajani, akaikunja polepole.

"Mwanangu, kikombe na sinia havijawahi kuonana," akasema. "Nani amevifanya vikubaliane?"

Sikuwa na jibu. Jumatatu nilifika kituoni kabla mwalimu hajafungua mlango.