Chai Nzito Huanzia Zizini

Napika chai Mwigobero, Musoma, jirani na mwalo. Wavuvi wa dagaa wakirudi alfajiri na baridi ya ziwani, chai ya rangi hawaigusi. Wanataka ya maziwa, nzito, inayobaki mdomoni. Wengi huniuliza natia nini, unga wa maziwa au siagi. Sitii kitu. Uzito huo unaletwa na wafugaji wadogo wa Butiama na Bunda, na inaniuma kwamba sokoni hakuna anayewalipa kwa ajili yake.

Sokoni maziwa ni lita tu. Ng'ombe wetu wa asili hutoa lita chache kwa siku, lakini mafuta yake huvuka asilimia 4 na mara nyingi hufika 5. Friesian hutoa maziwa mengi zaidi kwa mbali, ila mafuta yake huzunguka asilimia 3.5. Hata kwa ng'ombe mmoja, maziwa ya kwanza kutoka ni mepesi. Mafuta huja mwishoni, chuchu zikikaribia kukauka. Mzee mmoja wa Butiama aliwahi kuniambia kabla sijafungua dumu, "Mwanangu, ya leo mepesi, ya mwisho nimemwachia ndama." Nilipoyachemsha, utando ulikuwa mwembamba kama alivyosema. Mtu anayejua maziwa yake hivyo anastahili bei yake.

Laktomita, kile kifaa cha kupimia maziwa, haimsaidii. Maji yakiongezwa, kipimo hushuka. Mafuta yakienguliwa, hupanda, kwa sababu mafuta ni mepesi kuliko maji. Mchakachuaji huengua, kisha huongeza maji kidogo, na kipimo kinasoma vizuri kabisa. Mimi naamini sufuria: nachemsha kikombe kimoja, naacha kipoe, naangalia utando.

Majani yangu ni ya Mufindi au Rungwe, yale ya chembechembe yanayokolea upesi. Nayachemsha kwanza kwa maji na tangawizi, maziwa yanafuata. Protini ya maziwa hushikamana na ule ukali wa majani unaokausha ulimi, chai ikalainika.

Mgeni mmoja aliniachia pakiti ya chai ya oolong ya Taiwan, aina ya Jin Xuan, mche uliotolewa na kituo chao cha utafiti wa chai mwaka 1981. Niliinywa bila maziwa na nikasikia maziwa: harufu yake, ulaini wake, vyote vimo ndani ya jani. Ile ya milimani, juu ya mita 1,000, hukua taratibu kwa ubaridi na ukali wake hupungua. (Ziwa letu liko mita 1,134, lakini joto la hapa si la chai hiyo.) Huko nako wapo wanaopaka majani ya kawaida harufu ya maziwa na kuyauza kwa jina hilohilo, na mkulima mdogo mwenye jani la kweli anashindanishwa na chupa ya manukato. Nilimwelewa mkulima huyo mara moja.

Vituo vya kukusanyia maziwa vipime mafuta na vilipe kwa mafuta. Vifaa vipo, na nchi nyingi zimezoea kufanya hivyo. Kwa sasa nawaongezea wangu bei kwa maziwa ya jioni, ambayo huwa mazito kuliko ya asubuhi kwa kuwa ng'ombe amekaa saa chache tangu akamuliwe. Nayachemsha usiku uleule yasigande, na kikombe nakiuza bei ileile.