Kipakatalishi cha Mwalimu Mstaafu

Kipya kinyemi ingawa kidonda, walinena wahenga. Kipakatalishi kilichosafiri kutoka Nairobi hadi Wundanyi mnamo Desemba 2025, kikiwa kimefungwa ndani ya leso katikati ya mkoba wa nguo, hakikuwa kipya wala hakikuwa na unyemi wowote. Kilitengenezwa mwaka 2014. Bawaba yake moja ilishikiliwa kwa gundi. Mfumo wake wa uendeshaji ulikuwa umekoma kupata marekebisho ya usalama miezi miwili kabla, na mfumo uliokuja kuurithi ulidai maunzi ambayo mashine ya umri huo haikuwa nayo. Mwanafunzi aliyekibeba, aliye katika mwaka wa pili wa shahada ya uzamili katika fasihi ya Kiswahili, alikuwa amekifufua kwa mfumo wa Ubuntu ili akampe mamake.

Mama huyo alifundisha Kiswahili katika shule za msingi kwa zaidi ya miaka thelathini. Alipostaafu alianza kuandika ngano alizosimuliwa na mamake mwenyewe, akajaza kauntabuku tatu kwa mwandiko ule wa walimu wa zamani unaosimama wima kama askari gwarideni. Kisha akapatwa na presha ya macho. Daktari alimweleza bayana kwamba uoni uliopotea kwa maradhi hayo haurudi. Dawa hulinda uliosalia tu. Mistari ya daftari ikaanza kumpotea. Kauntabuku ya nne ilikuwa na kurasa sita zilizoandikwa, na katika ukurasa wa sita sentensi zilikuwa zimepandiana.

Si ajabu kwamba kijana aliona suluhisho katika mashine, kwani vijana wa siku hizi huliona suluhisho humo hata pasipohitajika. Safari hii, hata hivyo, hakukosea sana.

Jina lenyewe la mfumo huo halipaswi kumpita mwanafunzi wa isimu hivihivi. Ubuntu ulitolewa kwa mara ya kwanza Oktoba 2004 kwa ufadhili wa Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini, na jina lake limetoka katika lugha za Kinguni. Ondoa kiambishi ubu-, utabaki na -ntu. Ondoa u- katika neno letu utu, utabaki na -tu. Mzizi ni mmoja. Kiini cha mfumo huo, Linux, kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, nacho hutolewa kwa leseni inayomruhusu yeyote kukitumia, kukichunguza, kukirekebisha na kumgawia jirani. Tuseme ni ngano: kila msimulizi ana ruhusa ya kuitia chumvi yake, mradi asimzuie atakayeisimulia baada yake.

Maandalizi yalifanyika Nairobi. Kijana alipakua faili la takriban gigabaiti 6 kwa mtandao wa maktaba ya chuo, kwa sababu bando la simu lingemfilisi, akaliandaa kwenye flashi. Ubuntu una hekima moja ya kupendeza: huruhusu mtu kuujaribu kutoka kwenye flashi kabla ya kusakinisha chochote. Alifanya hivyo jioni nzima, akahakikisha kwamba sauti, intaneti na kibodi vinafanya kazi, ndipo akakubali kuifuta diski. Aliongeza pia kumbukumbu, kutoka gigabaiti 4 hadi 8, kwa kipande alichonunua Barabara ya Luthuli. Kipande hicho kilileta tofauti kubwa kuliko mengine yote aliyoyafanya, na anayetaka kufufua mashine kuukuu angefaa kuanzia hapo.

Wundanyi, kazi ya kwanza ilikuwa ya macho. Katika mipangilio kuna sehemu ya ufikivu. Humo maandishi yalikuzwa, ukinzani wa rangi ukaongezwa, kishale cha kipanya kikanenepeshwa hadi mama akasema sasa kinafanana na mkuki. Ukanda wa ikoni uliokuwa ubavuni ulihamishiwa chini, ikoni zikapanuliwa, zisizohitajika zikaondolewa hadi zikabaki nne. Kijana alikuwa ameweka picha ya ufuo wa bahari kama mandhari. Mama aliomba iondolewe na pawe na rangi moja nzito, maana herufi zilizama katika mawimbi. Wengi wanaopamba kompyuta zao hupamba kwa ajili ya mgeni atakayechungulia. Yeye alipamba ili aone.

Kazi ya pili ilikuwa ya lugha, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Kijana alikuwa ameihifadhi kama zawadi. Aliingia sehemu ya lugha, akasakinisha Kiswahili, akaiwasha mashine upya, akasogea kando ili mama akae. Mwalimu mstaafu alisoma kwa utaratibu, kidole kikiifuata skrini. Neno moja Kiswahili, mawili Kiingereza. Swali liliulizwa kwa Kiswahili, lakini vitufe vya kulijibu vilikuwa vya Kiingereza. Alisoma dakika kumi hivi, kisha akavua miwani.

"Mwanangu, hawa waliotafsiri walichoka katikati ya njia?"

Kijana alianza kumweleza historia. Alimwambia kuwa mradi wa kuzitafsiri programu huria kwa Kiswahili uliendeshwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwamba mwaka 2004 mradi huo ulitoa Jambo OpenOffice, na kwamba tangu hapo kazi kubwa imetegemea watu wa kujitolea wanaofasiri mstari mmoja mmoja. Yeyote mwenye akaunti katika Launchpad aweza kupendekeza neno.

"Yeyote?"

"Yeyote, Mama."

"Na wewe umependekeza mangapi?"

Kijana huyu aliwahi kuwasilisha makala ya semina kuhusu uundaji wa istilahi. Alishindana hadharani na mwenzake juu ya tarakilishi, kompyuta na ngamizi hadi mhadhiri akawatuliza. Alikuwa na maoni kuhusu kila kamati iliyowahi kusanifu neno. Pendekezo alilokuwa amelituma lilikuwa sufuri, na ilimbidi aseme hivyo mbele ya mwanamke aliyetumia maisha yake kusahihisha insha za watoto wa watu.

Mama hakumkemea. Aliomba tu mashine irudishwe katika Kiingereza. Kiingereza kizima, alisema, ni afadhali kuliko Kiswahili nusu, kwa kuwa akiwa na lugha moja anajua ni wapi haelewi. Ni uamuzi unaouma kuuandika katika jarida kama hili, lakini kwa mtu mwenye macho dhaifu aliyehitaji kufanya kazi asubuhi ile, ulikuwa uamuzi sahihi.

Kilichobaki katika Kiswahili kilikuwa maandishi yenyewe, na huko mfumo ulijikomboa. LibreOffice ilikuwa imedhani kwamba hadithi inaandikwa kwa Kiingereza. Kila mama alipoandika "nyumba i wazi", ile i ilirukia herufi kubwa, kwa kuwa sheria za Kiingereza haziijui i nyingine isipokuwa ile ya mimi. Dawa ni nyepesi. Lugha ya matini yote hubadilishwa kuwa Kiswahili, na marekebisho ya kujiendesha ya Kiingereza hukoma papo hapo. Kamusi ya tahajia ipo, imeandikishwa kwa jina la Kiswahili cha Tanzania, na haikudai pasipoti. Vitenzi vyenye msururu wa viambishi vilipigiwa mistari myekundu ingawa havikuwa na kosa, naye mwalimu akawa anaviingiza kimoja kimoja katika kamusi yake binafsi, akiguna kila mara. Majina ya Kidawida aliyaingiza yote siku ya kwanza.

Siku ya nne macho yalichoka kabla ya adhuhuri. Kijana alimwonyesha kisoma skrini, programu iitwayo Orca, ambayo huwashwa na kuzimwa kwa kubonyeza pamoja Alt, S na kile kitufe ambacho kwenye mashine nyingi kina nembo ya dirisha. Sauti ilitoka, ikaanza ngano ya kwanza. Ilikuwa sauti ya Kiingereza. "Hapo zamani za kale" ikageuka mboga ya Wazungu. "Wake" ikatamkwa kana kwamba kuna mtu anayeamshwa usingizini. Mama alicheka hadi akajifuta machozi kwa leso ileile iliyofunga kipakatalishi. Kisha katika mapendeleo ya Orca ilipatikana sauti ya Kiswahili ya eSpeak, na irabu zikarudi mahali pake. Haikuwa sauti ya binadamu. Iliparuza, haikujua kupumua wala kumhofisha mtoto. Lakini mwandishi aliyeisikiliza aliweza kugundua neno alilolirudia mara mbili na sentensi aliyoisahau kuimaliza, kazi ambayo macho yake yalikuwa yamekataa kuifanya tangu mwezi Agosti.

Ilipofika mahali pa zimwi alibonyeza vitufe vitatu, mwenyewe, bila kuelekezwa.

"Nyamaza kwanza," aliiambia mashine. "Hapo hujui." Akalisimulia zimwi kwa sauti yake, mwanawe akaandika.

Kabla ya Januari ngano kumi na mbili zilikuwa zimechapwa, na nakala zake kuwekwa kwenye flashi mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti, kwani mashine ya 2014 haipaswi kuaminiwa peke yake. Nyuma ya kauntabuku ya nne, baada ya zile kurasa sita, palikuwa na kitu kingine ambacho kijana alikipata alipokuwa akifunga mkoba: orodha iliyoandikwa kwa kalamu nene ya kuwekea alama. Kushoto maneno ya Kiingereza yaliyokuwa kwenye skrini siku ile, kulia mapendekezo. Maneno arobaini na moja. Kando ya baadhi alikuwa ameandika sababu. Pale panapowekwa mafaili yaliyofutwa alilikataa neno jaa, kwa hoja kwamba kilichotupwa jaani hakuna mwenye akili anayekifuata, ilhali kwenye mashine hii kitu kilichofutwa chaweza kurudishwa. Akaandika kapu.

Kijana alirudi chuoni, akafungua akaunti, akatuma maneno tisa. Kila pendekezo husubiri mtu wa kulipitia kabla halijaingia katika mfumo, na katika lugha yenye wapitiaji wachache kusubiri huko ni kurefu. Mama hupiga simu Jumapili. Baada ya habari za nyumbani na za dawa, huuliza kama kapu limekubaliwa, kisha huuliza yale thelathini na mawili yaliyosalia yamekwama wapi. Kuhusu kapu, kijana ana jibu.